Damu Safi ya Bwana Shamba

Wajukuu zangu mnaosomea maabara, mmeniomba niwasimulie tulivyofanya kazi zamani. Nimekubali kwa sharti moja: msinihurumie. Kila nikisema hatukuwa na mashine, mnainamisha vichwa kama mmefika msibani, nami naanza kujiuliza marehemu ni nani.

Mjukuu wangu wa damu, Salma, yuko maabara huko Dar es Salaam. Anapima damu za watu kutafuta kemikali zinazotiwa kwenye magodoro na makochi ili yasishike moto. Aliponieleza mara ya kwanza nilimuuliza, "Sasa godoro lisipoungua, ni nini kinachoungua?" Akasema, "Bibi, hilo ndilo tunalolitafuta." Kumbe kemikali hiyo hutoka kidogo kidogo, ikakaa kwenye vumbi, mtu akaivuta na kuila bila kujua. Mashine ya Salma inaiona hata ikiwa ni kama punje ya chumvi katika bwawa la Igombe. Mimi nilitumia macho haya mawili, na moja lilikuwa halimwamini mwenzake.

Lakini kazi ni ile ile, msidanganyike. Sumu haipigi hodi. Ukitaka kujua kama imeingia, usimuulize mtu, iulize damu yake.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, Tabora. Babu yangu alibeba pembe za ndovu za matajiri kutoka Ujiji mpaka pwani. Pembe hatukurithi hata moja, tulirithi mabega. Nilianza kazi hospitalini miaka michache baada ya uhuru, kwa kuosha vyupa. Waliniambia ni kazi ya muda, na muda huo uliisha siku nilipostaafu.

Aliyenitoa kwenye karai la vyupa ni Bwana Jayanti, mkuu wetu wa maabara. Alizaliwa Tabora, mtoto wa duka la vitambaa, Mhindu asiyekula hata yai, na maisha yake yote aliyamaliza katikati ya damu na vinyesi vya watu. Kinyamwezi alikijua kuliko mimi. Sisi wa Ng'ambo tulikulia Kiswahili, yeye alikulia kwenye kaunta ya baba yake, akibishana na wanunuzi waliotoka vijijini. Siku ya kwanza aliyonikalisha mbele ya tyubu aliniambia, "Tatu, macho yana haraka ya kuona yanachokitaka. Yasubirishe."

Siku hizo watu wamehamishiwa katika vijiji vya ujamaa, kila kijiji na shamba lake la pamoja. Upande wa Igunga shamba lilikuwa la pamba, na pamba ina wadudu wasiojua siasa. Basi ikaja dawa mpya ya maji, inanuka kama kitunguu saumu kilichooza. Iliua wadudu kwa kushika kitu fulani kinachoendesha mishipa yao ya fahamu. Bahati mbaya kitu hicho na sisi tunacho, na kwetu kinapatikana pia katika damu. Dawa haikufundishwa kutofautisha mdudu na mwananchi.

Kipimo chetu kilikuwa hivi. Unachukua tone la damu kwenye kidole, unalitia katika maji yenye rangi, unaongeza unga uliokorogwa asubuhi ile ile. Mchanganyiko huanza ukiwa kijani. Damu nzima inaufanyia kazi ule unga, na kijani kinageuka njano. Damu iliyoshikwa na dawa inalegea, haifanyi kazi, inabaki kijani. Ni hayo tu. Ila jua likiwa kali damu zote zina mbio, na kukiwa na baridi zote zinajikokota, kwa hiyo saa ya mkononi haikusaidii. Lazima upate mtu safi, asiyegusa dawa, anayekula na kunywa kama wenzake wa pale pale. Damu yake ndiyo saa yako. Ya kwake ikishakuwa njano, ndipo unatazama za wengine.

Na lazima maji yawe yamechemshwa na kufunikwa. Safari moja dereva wetu, Mzee Kasanda, alituazima birika lake kwa moyo mweupe kabisa. Tulikoroga, tukapanga tyubu, na zote zikawa njano kabla hatujatoboa hata kidole kimoja. Kumbe Mzee Kasanda alikuwa mtu wa chai ya ndimu. Kwa mujibu wa birika lile, hata maji matupu yalikuwa na afya njema. Na jingine: mwoshe mtu mikono kwa sabuni kabla ya kumtoboa. Dawa iliyoganda kwenye ngozi ikiingia kwenye tone, utapima kidole ukidhani umepima damu.

Sasa niwaeleze habari ya Nkwabi.

Nkwabi alikuwa mtu mzima, mkulima wa kijiji kimoja cha Igunga, na kazi aliyopangiwa ilikuwa kubeba bomba la dawa mgongoni na kunyunyizia pamba. Msimu ukiwa katikati akaanza kuanguka shambani. Jasho linamtoka kama amemwagiwa maji, mate hayakauki mdomoni, anatapika, anasema anaona ukungu mchana kweupe. Zahanati wakampa vidonge vya malaria. Vidonge vikaisha, ugonjwa ukabaki. Mwisho akaliweka bomba chini na kusema hatalibeba tena.

Hapo ndipo alipogongana na Bwana Shamba. Kijana yule aliitwa Mihambo, ametoka chuoni, shati jeupe, maneno yamepigwa pasi kama shati lenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema kwa sababu najua mtamcheka. Alikuwa amekabidhiwa shamba, na juu yake kuna watu waliotaka pamba, si maelezo. Akamwambia Mwenyekiti wa kijiji kwamba Nkwabi anakwepa kazi. Neno la kupe, anayenyonya jasho la wenzake, likatajwa. Siku zile ukiitwa kupe hukuwa na pa kujificha. Ikaamuliwa kwamba kikao kikithibitisha ni uvivu, Nkwabi ataondoka kijijini yeye na nyumba yake, na shamba alilokatiwa atapewa mwingine. Daktari wa wilaya alisikia, akaomba watu wa maabara tuje tupime kabla ya kikao.

Tulifika na Landrova, tukakuta mlango mmoja baada ya mwingine unafungwa. Akina mama waliwavuta watoto ndani. Wazee walishasikia: wachukua damu wanakuja. Mumiani. Bwana Jayanti akashuka, akavua kofia, akaanza na salamu yao, "Mwangaluka," kisha akaendelea kwa Kinyamwezi cha kaunta mpaka watu wakasogea kumsikiliza.

Bibi mmoja akamkabili. "Damu mnaipeleka wapi?"

"Haiendi popote, mama. Nikimaliza kuitazama nitaimwaga hapa hapa, mbele yako."

"Kama unaimwaga, unaichukua ya nini?"

Bwana Jayanti alifikiri, kisha akasema, "Sina jibu la swali hilo, mama." Nadhani ni jibu hilo lililotupatia vidole.

Ikabaki kumpata mtu safi. Kabla hatujauliza, Mihambo akajitokeza mbele ya umati, anakunja mkono wa shati.

"Chukueni yangu. Mimi dawa siigusi. Mimi natoa maelekezo."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Tukampa sabuni, akaosha mikono, tukamtoboa. Tyubu yake ikasimama mwanzoni mwa ubao tulioulaza juu ya madebe mawili. Nyuma yake zikafuata za wabeba mabomba, na ya Nkwabi ikawa ya mwisho. Tukasubiri ya Mihambo iwe njano.

Ilichelewa. Mke wa Mwenyekiti akatuletea chai. Jua lilikuwa linachoma, na kijiji kizima kimesimama kuangalia chupa ndogo za maji, burudani ambayo hata mimi nisingeitolea nauli. Hatimaye ya Mihambo ikafika njano, njano ya kulazimishwa, na mimi nikaanza kulinganisha nyingine na yake, nikisema kwa sauti kama nilivyofundishwa: "Sawa na ya Bwana Shamba. Sawa. Sawa." Ya Nkwabi ilikuwa nyuma kidogo tu.

Mwenyekiti hakungoja. Akageuka kwa wananchi. "Mmesikia kwa masikio yenu. Kitaalamu, wote wazima!"

Nkwabi alikuwa amekaa chini, mkewe amemshika bega na kumpangusa mate kwa upindo wa kanga. Akaiangalia ile tyubu. "Basi ninaumwa nini?"

"Unaumwa uvivu," Mwenyekiti akasema, na watu wakacheka tena. Mkewe hakucheka. Alianza kukunja kanga yake, polepole, kama mtu anayefungasha.

Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, tayari kuandika neno "kawaida". Bwana Jayanti alikuwa ameshika kikombe.

"Tatu, chai yangu imepoa."

"Nikuletee nyingine, Bwana Jayanti?"

"Katika jua hili, chai imepoa kabla damu haijageuka. Hilo halikushangazi?"

Alidhani unga wetu umeharibika njiani kwa joto. Akachukua tyubu mpya, akajitoboa mwenyewe, akadondosha. Alikuwa bado anapangusa kidole chake na pamba wakati mchanganyiko ulipokuwa njano safi. Akanitoboa mimi. Njano. Akanitazama, nikamtazama. Unga ulikuwa mzima. Saa ndiyo iliyokuwa mbovu.

"Bwana Shamba," akaita kwa upole, "njoo tena."

"Labda kidole kilikuwa kichafu," Mihambo akasema. Alikuwa msomi, alijua pa kujitetea.

"Labda. Basi osha mpaka kwenye viwiko. Na kidole tunakiacha, tunachukua kwenye sikio."

Aliosha kama daktari wa upasuaji. Tukatoboa ncha ya sikio, na pembeni yake tukaweka tena ya Nkwabi na ya Bwana Jayanti. Ya Bwana Jayanti ikakimbia ikawa njano. Ya Mihambo ikasimama pale pale, kijani kama jani la pamba. Ya Nkwabi ikawa kijani zaidi. Tukawarudia na wale wengine, na karibu wote wakawa hivyo hivyo. Walikuwa sawa na Bwana Shamba kwa kuwa Bwana Shamba alikuwa mgonjwa kama wao.

Mwenyekiti akakohoa. "Sasa mzima ni nani?"

"Mimi na dada huyu," Bwana Jayanti akajibu.

"Yaani wageni peke yao?"

Sauti ya yule bibi ikatoka nyuma ya watu: "Mimi nilisema! Mumiani!"

Siku nyingine ningecheka. Lakini Bwana Jayanti alikuwa haangalii tyubu tena. Alikuwa anamwangalia Mihambo, jinsi shati lake jeupe lilivyolowa mgongoni.

"Kichwa kinakuuma siku hizi?"

"Jua tu," Mihambo akasema. "Na majukumu."

"Dawa huigusi. Bomba hubebi. Tupeleke nyumbani kwako."

Nyumba yake ilikuwa nzuri kuliko nyingine zote pale, ina mabati na dirisha la wavu. Mkewe, Mama Kabula, alitukaribisha kwa tabasamu, mtoto amemweka begani. Tulipovuka kizingiti pua yangu ilijua kabla yangu: kitunguu saumu kilichooza. Nikauliza kama dawa inahifadhiwa mle ndani.

"Hapana, iko ghalani, na ufunguo anao baba Kabula mwenyewe," akasema. "Hiyo ni ya kunguni. Walitutesa hao! Baba Kabula akaleta dawa kidogo kwenye chupa, akapuliza godoro. Kila wakianza kurudi anapuliza tena. Sasa tunalala kama watu."

Mihambo akaugeukia mlango wa chumba cha kulala.

Bwana Jayanti akamsogelea mtoto. Kabula alikuwa mdogo, hata kukaa bado. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa mate, na bega la mama yake pia.

"Ananyonya?"

"Amepunguza. Na tumbo linamwendesha. Ni meno yanaota."

"Meno yanakuja mapema hivi, mama?"

Akalifunua jicho la mtoto kwa kidole gumba. Nami nikaona. Mboni ilikuwa imesinyaa kama ncha ya sindano, alama ya dawa ile. Mtoto hakulia, hakujikunyata, shingo ilikuwa haina nguvu ya kukataa. Mtoto anayelia ana nguvu. Yule mkimya ndiye wa kukimbizwa.

Hatukumtoboa. Hilo nalo mlishike: ukishaona, acha kupima. Tulimvua nguo, tukamwosha mwili mzima kwa sabuni na maji mengi, maana ukimbeba na dawa kwenye ngozi unaendelea kumlisha njia nzima. Mama yake tukambadilishia kanga, akapewa ya jirani. Mihambo ndiye aliyekuwa anamimina maji. Kopo lilimponyoka, sijui kwa dawa au kwa hofu, akaliokota.

Mzee Kasanda aliendesha Landrova ile kama imeibwa. Hospitali ya misheni haikuwa mbali, lakini barabara ilijaa malori ya mizigo, na kila lori lilituachia vumbi lake. Nilimpakata mtoto kwa upande, kichwa chini kidogo ili mate yatoke, na kila baada ya muda nikaweka sikio kwenye mgongo wake. Mama Kabula aliomba dua nzima nzima, kisha vipande, kisha akabaki anataja jina la mtoto tu.

Pale hospitali Bwana Jayanti alimweleza daktari kwa maneno machache. Wakamchoma sindano ya kukausha mate, wakasubiri, wakachoma nyingine. Jua lilianza kulala. Mihambo alikaa kwenye ngazi ya nje, shati limechafuka povu la sabuni na vumbi la malori. Nilipotoka kupunga upepo akasema bila kuinua uso:

"Dada, mimi ndiye niliyekuwa ninamlaza. Kila siku. Nilikuwa ninamweka katikati, asije akaanguka."

Nikakaa naye.

Kisha tukasikia Kabula analia. Alilia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa kwa fujo, koo kavu, sauti inakwaruza. Mihambo akasimama, akakimbilia ndani, akarudi mlangoni, akaingia tena. Mama Kabula alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, anasema, "Lia, mwanangu, lia, wape!" Yeye Mihambo walimlaza kitanda cha pili, akachomwa na yeye.

Kikao cha kijiji kilifanyika Mihambo alipotoka hospitali. Alisimama mwenyewe, hakutumwa. Akasema Nkwabi ni mgonjwa, si mvivu, na kwamba aliyemwita mvivu ndiye aliyekuwa anamlisha mwanawe sumu kitandani. Akaketi. Mwenyekiti, ambaye hakupenda kikao kiishe bila yeye kushinda, akatangaza kwamba kijiji kimekuwa na msimamo huo tangu mwanzo. Nkwabi akabaki na shamba lake na akakabidhiwa maksai wa kijiji, kazi isiyokuwa na harufu ila ya maksai. Wengine waliokutwa na kijani walipumzishwa mabomba mpaka damu ijijenge, na damu hujijenga polepole, haisomi ratiba ya upuliziaji.

Tulipeleka taarifa juu. Jibu lilikuja likitupongeza, na likasema unyunyiziaji uendelee. Mabuti na glavu viliahidiwa. Mabuti yalifika pamba imeshavunwa, ya mguu wa kushoto mengi kuliko ya kulia. Glavu nazisubiri.

Kilichobadilika alikibadilisha Mihambo. Alikuwa mkali, ninyi! Ole wako akukute unapuliza dhidi ya upepo, au unazibua bomba lililoziba kwa kulipuliza kwa mdomo, kama walivyozoea wote. Hakuna aliyebeba bomba mfululizo. Pipa la maji na sabuni likawekwa mwisho wa kila shamba, na yeye mwenyewe alisimama hapo. Watu walimlalamikia kwa Mwenyekiti kwamba Bwana Shamba anachelewesha kazi.

Msimu uliofuata tulirudi. Safari hii milango haikufungwa. Kabula alikuwa anatambaa kwenye mkeka, usiku analalia pumba za mpunga badala ya lile godoro, na kunguni, mama yake aliniambia kwa huzuni, wamerudi wote. Watu walikuwa wamejipanga mbele ya ubao wetu. Bwana Jayanti akauliza nani asiyegusa dawa, damu yake iwe saa yetu.

Nkwabi akajitokeza kutoka upande wa zizi. Alikuwa amenenepa. Alikuwa ameshaosha mikono mpaka kwenye viwiko, bado inachuruzika maji. Akaketi kwenye kigoda, akanyoosha kidole.

"Anzeni na mimi."

Nikamtoboa, nikadondosha. Sote tuliinama kuangalia. Kijani kikafifia, kikapauka, kisha njano ikaja bila kubembelezwa, safi, inang'aa juani. Nkwabi aliitazama. Kisha akainua macho kwa Mihambo, aliyekuwa amesimama mstarini nyuma ya wabeba mabomba, mkono wa shati umekunjwa, anangoja zamu yake.

"Bwana Shamba," akasema Nkwabi, "hii ndiyo rangi ya mvivu?"

Mwenyekiti akatafuta kitu cha kutazama chini.

"Ndiyo hiyo, baba," Mihambo akajibu. "Na mimi naitafuta."